Mwalimu Mgeni na Baraza la Kahawa

Husemwa hapa Mombasa kwamba mwalimu aliyetoka nje ya nchi huishi kama mtalii: siku za kazi yuko darasani, jioni yuko ndani ya ua lenye bawabu huko Nyali, Jumamosi yuko ufukweni, likizo ya Agosti yuko Diani, kisha huondoka bila kumjua jirani hata mmoja kwa jina. Lawama hiyo ina msingi. Wapo walimu wa namna hiyo, na inauma kumwona mtu anayefundisha watoto wetu akiukwepa mtaa unaowalea.

Hata hivyo, lawama hiyo humpima mgeni kwa mahali anapokaa bila kuuliza ni mlango upi aliofunguliwa. Starehe ya mji huu iko barazani, na barazani mgeni haketi mpaka akaribishwe.

Jirani yangu hapa Kibokoni, mwalimu Mwingereza, alifika akiwa amesoma Kiswahili vitabuni kwa mwaka mzima. Jioni ya kwanza alipokuja kunywa kahawa, alimiminiwa finjani kutoka kwenye dele, yaani birika la kahawa, akapewa na kipande cha kashata, na alipoambiwa "Karibu" akaitikia "Starehe" kama inavyopasa. Kisha mazungumzo yakawarudia wenyewe. Mmoja akasema fulani "yuwaja", mwingine akataja "ndia" kwa maana ya njia na "mato" kwa maana ya macho, na mwalimu akanyamaza kama mtu aliyejikuta katika arusi asiyoalikwa. Vitabu vyake vilimfundisha Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa hii hii mwaka 1928, Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikaachwa kando. Basi anayeonekana kujitenga huenda amechoka tu, kwa kuwa saa ambazo sisi tunapumzika, yeye anaanza somo jingine.

Liko jambo zito zaidi, ambalo sijalisikia likitajwa na wanaolaumu. Mwalimu huyu huishi kwa kibali cha kazi cha daraja D, ambacho kwa kawaida hutolewa kwa miaka 2 kisha huombwa upya, na mkewe akija naye kwa pasi ya mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa. Mtu ambaye maisha yake yamekatwa vipande vya miaka miwili miwili husita kununua hata kabati, sembuse kujifunza lahaja ya mtaa. Nao mtaa hupiga hesabu iyo hiyo: huyu ataondoka, ya nini kumzoea? Kila upande unamngoja mwenzake aanze, na ufukweni ndiko pekee ambako hakuna anayemuuliza mwalimu atakaa mpaka lini.

Itasemwa kwamba Wahadhrami wa Yemen na Wabaluchi wa Baluchistani nao walikuja wageni na leo ni wenyeji, lugha ya nyumbani mwao ikiwa Kiswahili. Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu. Lakini hao walioa hapa, wakajenga hapa, wakazikana hapa, wala hapakuwa na karatasi iliyowahesabia miezi.

Jirani yangu sasa huja baada ya Isha na kuketi karibu na dele, ambapo mzee mmoja humrudilia maneno polepole. Juzi aliaga kwa kusema "nenda zangu", si "ninakwenda", na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kibali chake kinakwisha Agosti.