Viwanja 2,289, mkazi mmoja: reli na mahame ya kusini mwa California

Homa ya kununua viwanja ya miaka ya 1880 ilipopoa kusini mwa California, mji wa Chicago Park ulibaki na viwanja 2,289 na mkazi mmoja, mlinzi wa hoteli. Sunset ulikuwa na viwanja 2,014, na mkazi wake pekee naye alikuwa akilinda hoteli ambayo ujenzi wake uliishia njiani. Carlton ulipimwa viwanja 4,060 na hakukaa mtu. Hesabu hizi alituachia J. M. Guinn, mwanahistoria wa Los Angeles aliyeyaona hayo yote kwa macho yake. Tangu hapo watu wanabishana: ule ulikuwa wizi, au ndiyo gharama ya kujenga nchi?

Chanzo ni reli. Kampuni ya Southern Pacific ilikuwa imeishika njia ya kuingia Los Angeles peke yake mpaka kampuni nyingine ya reli, Santa Fe, ilipofika mwaka 1885. Zikaanza kukatana nauli. Safari kutoka bonde la Mississippi, ambayo ilikuwa kama dola 125, ikaporomoka wiki hadi wiki, na Machi 6, 1887, kwa muda mfupi, tiketi kutoka Kansas City iliuzwa dola moja. Watu wakamiminika kwa maelfu. Kufikia mwisho wa mwaka huo, katika maili 36 za reli ya Santa Fe kutoka Los Angeles kuelekea San Bernardino kulikuwa na miji 25, yaani mji kila maili moja na nusu. Hata mkulima asiyejua kusoma ramani angeshtuka.

Wanaolaumu wana hoja nzito. Wauzaji waliwabeba watu kwa treni za matembezi, wakawapigia bendi ya matarumbeta na kuwapa chakula cha bure, kisha mnada ukaanza. Huko Azusa wanunuzi walipanga foleni usiku kucha kabla ya mauzo kufunguliwa. Wa pili katika foleni alidai kwamba ameahidiwa dola 1,000 aachie nafasi yake. Wa tatu akauza ya kwake kwa dola 500. Siku ya kwanza viliuzwa viwanja vya dola 280,000, na kwa maelezo ya Guinn, hata mmoja katika mia hakuwa amewahi kuliona eneo lenyewe. Mtu alitoa kianzio cha theluthi au robo, salio akalipa kwa awamu za miezi 6, 12 na 18. Hesabu ya wengi ilikuwa kukiuza kiwanja kabla awamu ya pili haijafika. Kwa mwaka 1887 peke yake, mauzo yaliyosajiliwa wilayani Los Angeles yalipita dola milioni 98. Kisha masika ya 1888 awamu zikadaiwa kwa mkupuo, na mnunuzi mpya hayupo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kampuni ya reli haikuwa msafirishaji tu. Mji wa Claremont uliuzwa na Pacific Land and Improvement Company, tanzu ya Santa Fe. Anayeamua stesheni ikae wapi akiwa pia muuza viwanja, mnunuzi wa kawaida ameshazidiwa kabla mnada haujafunguliwa.

Upande wa pili, ambao mwanahistoria Glenn Dumke aliutetea vizuri, unasema tuangalie kilichobaki. Jiji la Los Angeles lilikuwa na watu 11,183 mwaka 1880. Mwaka 1890 lilikuwa na 50,395, hata baada ya wengi kufungasha na kurudi kwao. Hoteli ya Claremont iliyokosa wageni ikapewa chuo cha Pomona. Ile ya Lordsburg, iliyojengwa mwaka 1887 na isipate wateja, ilinunuliwa na waumini wa kanisa la Brethren, wakaanzishia chuo mwaka 1891, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha La Verne. Benki nazo hazikuanguka, maana Isaias Hellman, mwenye benki mkubwa wa mji ule, alikataa kukopesha kwa rehani ya bei zile za kuruka.

Haya yote ni kweli, lakini Dumke huyohuyo anakubali kwamba katika miji zaidi ya 100 iliyopimwa wilayani humo kati ya 1884 na 1888, 62 ilifutika. Kwa nini mmoja ukafa na mwingine ukaishi, ilhali treni ilipita kote? Kwa maoni yangu jibu kubwa ni maji. Ontario, ulioanzishwa mwaka 1882 na ndugu wawili, George na William Chaffey, uliuza shamba pamoja na hisa za kampuni ya maji. Aliyenunua ardhi alipata na haki ya kumwagilia. Ukasimama kwa machungwa. Azusa pia uliokolewa na michungwa, si na foleni ile ya usiku. Chicago Park, jirani yake, ulipimwa kwenye mchanga wa mto San Gabriel. Reli ingeweza kushusha abiria pale kila siku, na bado wasingekuwa na cha kupanda.

Kwa hiyo utetezi huu naukubali kwa eneo zima, ila siukubali kwa mnunuzi wa Carlton. Vyuo vilirithi hoteli zilizojengwa ili kupandisha bei ya viwanja. Yeye aliposhindwa awamu ya pili, kianzio chake kilipotea, na hakuna kampuni, ya reli wala ya ardhi, iliyomrudishia.