Tuchange mgonjwa angali hai

Mtu akifariki Ngamiani, hapa Tanga, kabla ya adhuhuri turubai limeshafungwa, daftari la michango limezunguka na masufuria ya shughuli yako jikoni. Hakuna anayesubiri kuombwa. Naupenda sana ukarimu huu, ila naona tunauchelewesha. Kwa familia inayouguza kansa ya ubongo, unafika wakati haumfai tena mgonjwa, na aliyemuuguza ameshauza kila alichonacho.

Nautaja ubongo kwa sababu ugonjwa huu humlaza mtu na pia humbadilisha. Baba mpole anakuwa mkali, anasahau jina la mwanawe, anaanguka kifafa akiwa mtu mzima, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea. Kwetu Tanga dhana ya kwanza ni jini. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri, pamoja na kutapika, tunasema malaria sugu, na miezi inapita. Sina ugomvi na kisomo. Mgonjwa asomewe, lakini apelekwe hospitali ya Bombo pia, kwa sababu kifafa kinachoanza ukubwani lazima kitafutiwe chanzo.

Chanzo kikijulikana, safari ni ya Dar es Salaam: upasuaji MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, na mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani. Hapa ndipo familia nyingi zinapoishiwa. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa uvimbe mkali kama glioblastoma kawaida yake ni wiki 6. Kila awamu ni dakika chache tu. Anayeweza kutembea si lazima alazwe, kwa hiyo anahitaji mahali pa kulala mjini, nauli ya kila siku, chakula na mtu wa kumshika mkono. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nami naiombea ifike kila nyumba. Hata hivyo bado kuna kodi ya chumba, na kuna meza ya samaki pale Deep Sea ambayo muuguzaji ameiacha bila mtu.

Jirani yangu alimuuguza mumewe. Tulikwenda kumjulia hali kwa makundi, tukakalishwa, tukapikiwa chai, tukaondoka. Alibaki na vikombe vya kuosha na usiku mzima mbele yake. Mumewe alikuwa anatumia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya ubongo, na dawa hiyo humkosesha mtu usingizi, humtia njaa na huweza kupandisha sukari. Haifai kukatishwa ghafla, hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Hayo hakuambiwa alipokuwa anaruhusiwa. Mume alipopata degedege, watu walikuja mbio na kijiko. Mgonjwa wa namna hiyo hatiwi kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, saa itazamwe: ikizidi dakika 5, hospitali. Muuguzi anaweza kuyafundisha haya kwa nusu saa, na mgonjwa asitoke wodini kabla ya somo hilo.

Kilichomuumiza zaidi dada yule ni matusi. Laiti angeelezwa mapema kwamba uvimbe ukikaa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumbadilisha mtu tabia, asingelia peke yake akidhani ndoa yake yote ilikuwa uongo.

Halafu kuna maumivu. Wengi wanaiogopa morfini, wanaiita dawa ya kufia, kumbe ya maji inanywewa nyumbani kwa kipimo cha daktari, na mtu akaweza kula na kuzungumza na wanawe. Mkoa wetu si mgeni wa jambo hili, maana Hospitali Teule ya Muheza iliwahi kuipeleka tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hadi vijijini. Tuiulizie mapema, tangu majibu yanapotoka, hata kama matibabu mengine yanaendelea.

Kikoba chetu kina fungu la msiba. Nimewaomba wenzangu tuongeze fungu la kuuguza: litoke mgonjwa akianza safari ya Dar, lilipe chumba kwa hizo wiki 6, na apewe mkononi yule anayelala naye. Wasio na fedha watoe usiku mmoja kwa wiki, wakae na mgonjwa ili mwenzao alale.