Mama, Msomeshe Kwanza kwa Kiswahili

Akina mama Wakristo wengi wanaoamua kusomesha watoto nyumbani hapa Malindi huanza kwa kununua. Wanaagiza mtaala kutoka Marekani, unafika na vitabu vya rangi, aya ya Biblia kila ukurasa na mwongozo wa mama wa siku kwa siku. Mtoto wa mitaa yetu kama Muyeye au Barani anaonyeshwa picha ya tunda asilowahi kulila, anaambiwa ataje sauti ya kwanza ya jina lake kwa Kiingereza, na kabla kitabu hakijafika katikati anasomewa habari za theluji. Miezi inapita, mtoto anaimba alfabeti vizuri kabisa lakini hawezi kusoma neno moja kwenye pakiti ya unga. Mama anajilaumu. Wengine wanamlaumu mtoto, na hapo ndipo machozi ya mezani yanapoanzia.

Mimi nasema hivi: mtoto wa miaka mitano hadi saba afundishwe kusoma kwa Kiswahili kwanza, kwa muda mfupi, asubuhi kabla ya jua kukolea. Kiingereza cha mdomo kiendelee. Ajifunze nyimbo, salamu na majina ya vitu. Kiingereza cha kitabuni kingoje. Hata mtaala wa umilisi wa serikali, huu tunaouita CBC, unataka watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hadi Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo wanakoishi. Mjini Malindi lugha hiyo ni Kiswahili.

Sababu yenyewe ni ya tahajia. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja ina sauti yake popote ilipo. Mtoto akishajua a, e, i, o, u na akajua kuzibandika nyuma ya konsonanti, anasoma. Kwenye Kiingereza herufi moja hubadilika sauti neno hadi neno, na mtoto ambaye hajaelewa bado kwamba maandishi ni sauti zilizowekwa kwenye karatasi huishia kubahatisha kwa kuangalia picha. Akishakuwa msomaji wa Kiswahili, jambo hilo kubwa analo tayari, na Kiingereza kinabaki kuwa kazi ya kujifunza sauti mpya kwa herufi anazozijua.

Kadi za silabi usinunue. Kata katoni ya biskuti vipande vya upana wa kiganja, andika kwa kalamu ya wino mzito, herufi ndogo tu. Herufi kubwa zitakuja na majina ya watu. Vokali tano zipewe wiki ya kwanza, kisha m: ma, me, mi, mo, mu. Baada ya hapo b, t, k na l. Kwa konsonanti hizo tano tu mtoto anaweza kusoma mama, baba, kuku, taa, meli, kiatu, kalamu, kilima. Kila siku anza na kadi tano za jana, ongeza mbili mpya, malizia kwa kupanga maneno mezani. Dakika kumi zinatosha. Akikosea kadi tatu kati ya zile tano za jana, siku hiyo hakuna mpya.

Kuna mahali panne ambapo mtoto hukwama, na inafaa mama apajue mapema. Pa kwanza ni majina ya herufi. Kaka mkubwa amemfundisha kusema "em, ei", basi akiona ma anasema "emei". Majina ya herufi yafichwe mpaka silabi zikae. Pa pili ni ile m inayosimama peke yake: mtoto aliyezoea kwamba kila konsonanti ina vokali atasoma mtu kama "mutu". Mpigishe makofi: m-tu, makofi mawili; m-ti, mawili. Kisha mpe mbuzi na mbu. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi, na mbu naye ni mawili, m-bu. Watoto hufurahia sana hilo la mdudu mdogo kupigiwa makofi sawa na mbuzi, na ukishawachekesha hawasahau. Pa tatu ni mb, nd, nj, nz, ny, ng na ng'. Hizi zifundishwe moja moja, na ngoma iwekwe kando ya ng'ombe ili mtoto aone kazi ya ritifaa, ile alama ndogo ya juu. Pa nne ni dh, th na gh. Mtoto akisema "zambi" ataandika zambi, kwa hiyo rekebisha mdomo kwanza: kwa dh na th ulimi utoke kidogo katikati ya meno. Usimwadhibu kwa r na l zikibadilishana. Zisomwe kwa sauti kila siku, basi.

Hewa ya chumvi haina huruma na vitu vya karatasi. Wakati wa masika kadi hujikunja, gundi huachia, na vitabu vilivyoegemezwa ukutani hupata ukungu kwa nyuma, upande usioonekana. Ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko, ikioshwa na kukaushwa juani, huhifadhi kadi na daftari vizuri kuliko kabati la mbao. Rafu isogezwe mbali na ukuta upana wa kiganja.

Sasa siku yenyewe. Saa mbili mpaka saa nne asubuhi ndiyo shule. Kuanzia Januari mpaka Machi, joto likiwa kali, anzeni saa moja na nusu. Baada ya saa nne, chini ya bati, mtoto hafundishiki, na ukilazimisha unamfundisha kuchukia daftari. Kipindi cha shule katika madarasa ya chini ni dakika 30 kwa sababu mwalimu ana darasa zima la kutuliza na kuzungukia. Nyumbani, mtoto mmoja mbele yako, dakika 10 hadi 15 kwa wa miaka mitano na 20 kwa wa miaka minane ni somo kamili. Jumla haizidi saa moja na nusu. Mama anayekaa na watoto mezani mpaka adhuhuri hajawazidi wa shule kitu, amepika tu chakula cha mchana kwa kuchelewa.

Mwenye watoto watatu aanze na mdogo kuliko wote. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na mkubwa, mdogo anavuta kanga, somo linavunjika kila dakika. Mpe wa miaka mitatu robo saa ya kwanza yote iwe yake, msomee, umpakate, kisha mpe sinia la vifuniko vya soda avipange kwa rangi. Maharagwe na mbaazi usimpe, huishia puani. Kama kuna kichanga pia, kikilala saa tatu, hapo ndipo pa kumsomesha yule anayejifunza silabi, maana yeye ndiye anayehitaji sikio lako lote. Mkubwa anakili au anafanya hesabu.

Kwa hesabu vunja ufagio wa chelewa, vile vijiti vya majani ya mnazi. Chelewa kumi zikifungwa kwa mpira ni fungu moja. Kumi na nne ni fungu moja na chelewa nne, na mtoto anayehesabu kwa Kiswahili anayasikia mafungu hayo anapotaja namba, kwa hiyo haandiki 41 badala ya 14 kwa urahisi. Kwenye ishirini, thelathini, arobaini msaada huo unakwisha. Majina hayo yakaririwe huku mafungu yakiwa mkononi, mawili, matatu, manne, mpaka tisini. Kutoa kwa kukopa kusianze kabla mtoto hajafungua fungu kwa mikono yake akaona kumi zikimwagika.

Sayansi ya Malindi iko ufukweni na haina ada. Mtoto wa miaka saba anaweza kuandika saa ya maji kupwa kila siku kwa wiki mbili. Ataona muda unasogea mbele takriban dakika 50 kwa siku, na ataona bamvua, yale maji makubwa, ikija na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji mafu, yaani madogo, yakiangukia katikati. Muulizeni mvuvi yeyote, atawasahihishia jedwali bila kitabu. Historia nayo ipo karibu: nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, na kanisa dogo la Wareno ambalo simulizi zake zinamtaja Francis Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Mtoto Mkristo aijue historia hiyo pamoja na mizinga yake. Magofu ya Gede ni ya siku nzima, bebeni maji.

Ibada ya asubuhi iwe dakika kumi. Wimbo mmoja, kifungu kifupi, maombi ambayo kila mtoto anasema sentensi yake. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuyanena maneno haya "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo", kwa hiyo hakuna haja ya kuyabana yote kwenye kiti kimoja alfajiri. Kwa kukariri, anzeni na Zaburi 117, ina aya mbili tu. Kisha Zaburi 23, aya moja kwa wiki, wiki sita. Njia ni ile ile ya watoto wa jirani wanaotoka chuoni, yaani madrasa, jioni: sauti ya juu, kwa pamoja, kurudia mpaka ulimi uzoee. Tusione haya kuiga. Aya ya wiki ndiyo iwe pia zoezi la mwandiko, mstari mmoja kwa siku. Ila kunakilisha Biblia isiwe adhabu kamwe. Mtoto aliyeandikishwa Zaburi mara ishirini kwa kumpiga mdogo wake atakuwa amejifunza jambo kuhusu Zaburi ambalo hukukusudia.

Na watoke nje. Saa kumi jioni, wenzao wakirudi shule, waende kucheza, wawe Wakristo au Waislamu. Mtoto anayeshinda na mama na ndugu zake tu huongea vizuri na watu wazima na kushindwa kugombania mpira.

Mzee wa mtaa akiuliza mbona watoto hawaendi shule, ana haki ya kuuliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na faini yake inafika shilingi 100,000. Anayechagua njia hii aichague akilijua hilo, akiwa amekubaliana na mumewe, na awe na daftari: tarehe, somo, alichofanya mtoto, alipokwama. Kila Ijumaa kurasa mbili za kazi ya mtoto zitiwe tarehe na kuwekwa kwenye faili. Miundo ya mtaala ya kila gredi inapatikana bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mtaala. Chapisha ya gredi ya mtoto wako na utie alama yaliyokwisha kufundishwa.

Faili hilo ndilo litakalokuombea nafasi shuleni, maana siku ya kuihitaji huja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tathmini za KNEC, baraza la mitihani la taifa, zinazofanywa shuleni kuanzia Gredi ya 4 huhesabiwa pamoja na mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, na mtoto husajiliwa kupitia shule. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa Gredi ya 3 azungumze na mwalimu mkuu wa shule anayoiamini muhula wa kwanza, faili likiwa mkononi. Akingoja mpaka Novemba ataambiwa arudi Januari.