Mwandishi ni mchambuzi wa masuala ya siasa

Ijumaa asubuhi muuza magazeti wetu pale Tabata Bima hakunisalimia. Aliniona natokea upande wa kituoni, akaanza kucheka peke yake, akaninyooshea kidole gumba. "Kaka, jamaa yako kala shavu!"

Huyo jamaa yangu sijawahi hata kukutana naye. Ni mwandishi wa safu ambaye kwa miaka kama sita hivi nimekuwa nikinunua gazeti siku yake na kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake, habari nyingine baadaye. Nimebishana vijiweni kwa ajili yake. Nimewahi kumwambia mke wangu "ngoja kwanza nimalize aya hii" huku mtoto analia. Basi usiku wa Alhamisi jina lake lilisomwa kwenye taarifa ya uteuzi, la pili kutoka juu, ikafuata sentensi tunayoijua wote: uteuzi huu unaanza mara moja.

Hongera zake. Nasema kwa moyo mweupe, au mweupe kiasi. Mtu ana watoto wa kusomesha, na safu haijawahi kumjengea mtu nyumba. Cheo hakijanikera. Kilichonikera ni kwamba jioni nilivuta boksi la magazeti chini ya kitanda (mke wangu analiita mochwari), nikasoma upya makala zake za miezi ya karibuni, na kila moja chini kabisa, kwa herufi za kulala, imeandikwa: Mwandishi wa makala hii ni mchambuzi wa masuala ya siasa na jamii. Halafu namba ya simu.

Mchambuzi. Wa masuala.

Nilizisoma kama mtu anayerudia barua za mchumba baada ya kugundua kumbe alikuwa na mwingine. Maneno ni yaleyale, ila sasa yananuka. Kuna moja ya Machi kuhusu maji. Mara ya kwanza niliiona kali kweli: mkurugenzi kachanwa, mkandarasi kachanwa, mpaka waziri kachanwa. Safari hii nikahesabu ngazi. Ukali unapanda, unapanda, unafika kwa waziri, halafu unakata kona. Aya ya mwisho ni ule wimbo wa taifa wa safu zetu: Rais ana nia njema, wasaidizi wake ndio wanamwangusha. Ya Aprili kuhusu barabara, hivyohivyo. Ya Juni kuhusu mikopo ya wanafunzi, hivyohivyo. Kati ya kumi na mbili nilizozikuta kwenye boksi, tisa zinashusha abiria kituo kilekile. Sasa wasaidizi hao wabovu wakiondolewa, viti vyao atakaa nani? Ndiyo hivyo. Mtu alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi mbele ya macho yetu, kwa awamu, na sisi tunailipia shilingi 1,000 kila wiki.

Mtaniambia labda aliamini alichokuwa anaandika. Inawezekana. Wasaidizi wabovu wapo, hata mimi nawafahamu wawili. Lakini mimi msomaji nilistahili kujua kwamba anayenichambulia wasaidizi naye yuko kwenye foleni ya usaidizi.

Na msinielewe vibaya, sitafuti mwandishi asiye na upande. Huyo anachosha, na mara nyingi upande anao, kautia tu mfuko wa nyuma. Gazeti la Uhuru nimelisoma tangu mdogo kwa sababu baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na halijawahi kunidanganya kuhusu liko upande gani. Ni gazeti la chama, CCM, ukilinunua unajua unapiga hodi kwa nani. (Ingawa hata hao, Agosti 2021, walifungiwa siku 14 na serikali ya chama chao wenyewe, eti kichwa cha habari kimemlisha Rais Samia maneno kuhusu urais wa 2025. Nilicheka mpaka nikaona aibu.) Mzee Mkapa alikuwa mhariri pale na kwenye The Nationalist miaka ya 1960, akaenda Daily News, akawa mwandishi wa habari wa Mwalimu, mwisho akawa Rais mwenyewe. Nani alitapeliwa? Hakuna. Njia yake ilionekana kama reli.

Mwandishi Jenerali Ulimwengu naye (Jenerali ni jina, si cheo). Mtu wa ndani ya mfumo, kakaa bungeni kwa CCM, kisha akaanza kuuchapa mfumo huohuo kwenye magazeti ya Rai na baadaye Raia Mwema. Ulijua katoka wapi, kwa hiyo ulijua umpime kwa kipimo gani. Na bili yake tuliiona ikija: mwaka 2001 aliambiwa si raia. Hata Tanzania Daima, gazeti la Mbowe, mwenyekiti wa Chadema, chama cha upinzani, wakati ule, lilikuwa na mwandishi wa safu, Samson Mwigamba, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Chadema mkoa wa Arusha. Makala yake ya 2011, ule waraka kwa askari, ilimfikisha mahakamani pamoja na mhariri wake Absalom Kibanda, na walipoachiwa Januari 2014 nilifurahi utadhani mshitakiwa ni mimi. Kesi ile ilikuwa upuuzi mtupu. Ila gazeti la mwenyekiti, mwandishi mwenyekiti wa mkoa: msomaji alihitaji darubini ya nini?

Ninayemlalamikia ni yule anayeshika filimbi huku jezi kaivaa ndani ya shati. Kwenye mpira tumewazidi mbali watu wa siasa. Mchambuzi wa redioni akifungua mdomo tu, dereva wa bodaboda anajua huyu ni Yanga, yule ni Simba, na anajua apunguze kiasi gani. Akisema penalti haikuwa penalti, tunaguna, tunaendelea na chai. Kwenye siasa tunaambiwa "mchambuzi huru" na tunaitikia amina.

Aliyetaka kuuona ugonjwa huu hadharani alipaswa kuwa Dar mwaka 2015. Kumbukeni mlolongo. Septemba 2007 Dk. Slaa, katibu mkuu wa Chadema, anasoma orodha ya mafisadi pale viwanja vya Mwembeyanga, Lowassa yumo. Februari 2008 Lowassa anajiuzulu uwaziri mkuu kwa Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Miaka saba safu zinaishi kwa jina lile, kuna waandishi nadhani wamejifunzia kazi kwake. Halafu tarehe 28 Julai 2015 mtu anahamia Chadema.

Ndani ya mochwari yangu kuna gazeti la Mei na gazeti la Agosti mwaka ule. Safu ni moja, picha ileile, mwandishi kakunja mikono kifuani na miwani kaishusha puani. Mei, Lowassa ni mzigo ambao taifa halitakiwi kuubeba. Agosti, Lowassa ni mwathirika wa mfumo. Nimepekua magazeti yote ya katikati, nikayatandaza sebuleni mpaka mke wangu akauliza kama tunahama. Hakuna makala hata moja inayosema: jamani, nimebadilika, na sababu zangu ni moja, mbili, tatu. Hakuna hata aya. Mtu kavuka mto bila kulowa miguu!

Na wasishangilie wa upande wa pili. Kulikuwa na waliomtetea kwenye Richmond miaka yote saba kwa mbwembwe na vifungu vya kanuni za Bunge, na alipovuka tu, wiki haijaisha, wakakumbuka kumbe ni fisadi. Wote hao chini: mchambuzi wa masuala ya siasa. Dk. Slaa, umpende umchukie, tarehe 1 Septemba aliita waandishi akasema anaachana na siasa za vyama na akaeleza kwa nini. Baadaye akawa balozi Sweden, sawa, tumeona. Lakini alieleza. Lowassa alipata kama asilimia 40 ya kura za urais, moja ya hizo yangu, na tarehe 1 Machi 2019 akarudi CCM. Siku ile nilimsubiri kwa hamu yule wa mikono iliyokunjwa. Nikanunua gazeti mapema kabisa. Kaandika kuhusu korosho.

Kubadilika si dhambi. Mimi mwenyewe nimebadilika mara tatu, na mara moja ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Ila ukibadilika kimyakimya unataka nikuamini Mei na nikuamini Agosti, na mimi nina kichwa kimoja tu.

Wakenya wana sarakasi zao. David Ndii aliandika Machi 2016 kwenye gazeti la Nation kwamba nchi yao ni ndoa ya ukatili, wazungumze talaka. 2017 akawa mpanga mikakati wa NASA, muungano wa upinzani, 2022 akawa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi la Rais Ruto. Profesa Makau Mutua aligoma kumtambua Uhuru Kenyatta mwaka 2013, akawa msemaji wa kampeni ya Raila 2022, na 2025 akateuliwa mshauri wa Ruto wa mambo ya katiba. Wasomaji wao wanawasema mchana kweupe, nao wanajibu mchana kweupe, wakati mwingine kwa matusi. Na Machi 2018 waandishi wa safu wanane waliondoka Nation kwa pamoja wakisema uhuru wa uhariri umekwisha pale. Wanane, kwa mpigo! Hapa kwetu nikisikia hata watatu wameacha safu kwa pamoja kwa ajili ya hoja, nachinja mbuzi. (Waliokimbia nchi kwa sababu ya kalamu siwagusi, hao habari yao ni nyingine.)

Wahariri nao wasijifiche nyuma ya "maoni haya si ya gazeti". Nani alipanga ukurasa?

Kichekesho ni kwamba serikali yetu, kwa sheria ya 2016, inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, alete na cheti cha stashahada. Vyeti vyangu wanavitaka. Kadi ya chama iliyo droo ya pili hakuna anayeiuliza.

Sasa niseme langu, maana nisipolisema muuza magazeti atanisemea. Mwaka 2010 niliandika makala nne kwenye gazeti moja la wiki kumsifia mtu aliyekuwa akiutaka ubunge wa jimbo fulani huko kwetu. Malipo shilingi 15,000 kwa makala, na kuzifuata ni safari tatu, mara mhasibu katoka, mara yuko kikaoni. Ile ya kwanza niliipeleka kwa mkono. Mhariri aliipitia haraka, akafika mwisho, akauliza bila kuinua kichwa, "Wewe tukuandike nani?"

Nikababaika. Nilikuwa nauza vifaa vya umeme.

"Mchambuzi wa siasa?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akaandika. Ilichukua sekunde tano, na ndivyo nilivyokuwa mchambuzi.

Mtu yule alikuwa mume wa dada yangu. Hilo halikuandikwa popote. Nilimsifia kisima alichowachimbia wananchi, nikaeleza akina mama walivyokuwa wakiamka saa kumi usiku kufuata maji na sasa wanalala. Kisima chenyewe nilikuwa sijakiona, nilisimuliwa na shemeji tukiwa tunakula. Baada ya makala ya tatu simu ikaita, sauti ya mzee, kwa nyuma kuna kuku. Akajitambulisha, akanisalimia vizuri, akauliza habari za Dar. Kisha akasema, "Mwanangu, nimesomewa ulichoandika. Hicho kisima kiko kijiji gani? Tunataka na sisi twende."

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii. Nikakata. Ya nne nikaiandika vilevile.

Mwandishi wa makala hii ni shemeji wa mtu aliyeanguka kura za maoni mwaka 2010. Alikuwa na kadi ya CCM mpaka 2012, hakuirudisha kwa mbwembwe, ilipotea tu wakati wa kuhama. Mwaka 2015 alimpigia kura Lowassa akiwa kanuna. Ana duka la vifaa vya umeme Tabata na mwaka jana aliiuzia halmashauri moja katoni mbili za balbu, pesa bado anadai. Ukimpigia simu anapokea.