Piko mkononi, rangi kichwani: mtoto apakwe au asipakwe?

Siku mbili kabla ya Idi, binti wa dada yangu, mwenye miaka 9, alinijia na simu mkononi. "Mama mdogo, nataka nywele nyekundu kama hizi." Kabla sijajibu, mama yake akawa ameshakataa kutoka jikoni: rangi ya nywele ni kemikali, na mtoto hapakwi kemikali kichwani. Jioni ileile dada yangu huyohuyo akampeleka binti kwa mchoraji hina wa mtaani achorwe piko, maua meusi kuanzia ncha za vidole hadi kiwikoni. Hakuona mgongano wowote, wala mimi sikuuona. Niliuona baadaye, zamu ya binti ikiwa haijafika, nilipokiokota kile kiboksi cha piko nikakisoma.

Kimeandikwa rangi ya nywele.

Wazee wetu wanalijua hilo fika, kwa kuwa piko ndiyo hiyohiyo wanayopaka ndevu na mvi. Ila likija suala la bi harusi na watoto wa sikukuu, piko huhesabiwa kuwa ni ndugu wa hina, pambo la asili, la kike, la heri. Ndiyo maana naona kwamba sisi watu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, mjadala wa kupaka nywele za mtoto rangi tunauanzia katikati. Tunabishana juu ya saluni, na huku kitu chenyewe tunachokiogopa kimeshampata mtoto kwa njia ya mkono.

Kitu hicho, kilichomo pia kwenye piko, ni kemikali ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Ndicho kinachotia weusi na udhurungi katika rangi nyingi za nywele za kudumu. Amonia hulegeza magamba ya unywele, PPD ikaingia ndani, kisha haidrojeni peroksaidi ikaigeuza kuwa rangi isiyotoka kwa maji. Unywele wenyewe hauna la kulalamika, kwa sababu ukishachomoza kichwani umeshakufa. Anayelalamika ni ngozi. Na ngozi ina kumbukumbu: mwili wa mtu ukishaikataa PPD, kwa kawaida huikataa maisha yote. Mara ya kwanza huenda asione kitu kabisa, au akaona muwasho na malengelenge baada ya wiki moja au mbili, pengine sikukuu yenyewe imeshasahaulika. Mara zinazofuata mwili hausubiri. Ndani ya siku moja hadi tatu uso unavimba, macho yanafumba, ngozi ya kichwa inatoka maji.

Wanaoona hakuna ubaya wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni macho yao wenyewe: watoto wangapi wamechorwa, vijana wangapi wamepakwa, na wengi mno hawakupata hata kipele. Ni kweli. Ya pili ni kwamba hofu ya saratani, ambayo ndiyo hutajwa kwanza vibarazani, haina msingi imara kwa mtu anayejipaka mwenyewe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, lilichapisha tathmini yake mwaka 2010: kazi ya ususi na unyozi, ya kushika kemikali hizi siku nenda siku rudi, liliiweka kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, lakini kwa matumizi ya mtu binafsi likasema ushahidi hautoshi kuamua. Anayemtisha mama kwa saratani basi anamtisha kwa jambo lisilothibitishwa, na mama akiligundua hilo hatasikiliza tena hata pale penye hatari ya kweli.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Wapo watoto wanaozaliwa na shungi la nywele nyeupe mbele ya kichwa, au wenye mabaka ya ngozi yaliyopoteza rangi pamoja na nywele zilizoota hapo. Mtoto kama huyo akifika darasa la tatu amekwisha kuitwa kila jina. Mzazi anayetaka kulifunika shungi lile ili mwanawe asome kwa amani siwezi kumwambia anafuata mitindo. Huyo anastahili daktari wa ngozi na jibu linalomhusu mwanawe, hata kama jibu lenyewe ni rangi nyepesi isiyo na PPD.

(Tahadhari kwa wengine: nywele za mtoto mdogo zikianza zenyewe kugeuka wekundu wa kutu, zikawa laini na kung'oka kirahisi, msizifunike kwa rangi. Huenda ni dalili ya kwashakoo, na anachohitaji ni kliniki na chakula.)

Upande wa pili ushahidi wake una sura za watoto. Mwaka 2006 madaktari wa ngozi wa Denmark waliandika habari za watoto 8, wenye miaka 12 hadi 15, waliopata mzio mkali baada ya kupaka nywele rangi. Watano walilazwa hospitalini, mmoja wao katika chumba cha wagonjwa mahututi. Walipoulizwa yaliyotangulia, ikaonekana kwamba wengi hawakuanza na rangi ya nywele. Walianza na michoro ya hina nyeusi mwilini, ile inayochorwa kwa watalii, ndugu wa piko yetu. Mchoro ndio ulioifundisha miili yao kuikataa PPD, na rangi ya nywele ikaja kulipa deni.

Kwa nini mchoro uwe na nguvu kuliko rangi ya saluni? Kwa sababu ya kipimo. Sheria za Ulaya haziruhusu PPD izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na hiyo ni ya kupaka nywele, kisha kuosha. Hina nyeusi haina anayeipima. Utafiti wa Falme za Kiarabu uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta sampuli zenye PPD kuanzia asilimia 0.4 hadi 29.5. Na mchoro haupakwi unywele uliokufa. Unapakwa ngozi hai, unaachwa ukauke juu yake, na anayekaa chini yake ni mtoto ambaye ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Malengelenge yakipona, juu ya ngozi yetu nyeusi hubaki alama iliyofifia, au kovu lililoinuka, kwa umbo lilelile la ua. Nimewahi kumwona msichana mwenye ua la namna hiyo mkononi, na harusi aliyochorewa ilikuwa na miaka.

Pakiti za Ulaya tangu muongo uliopita zina onyo kwamba bidhaa hiyo si ya walio chini ya miaka 16, na kwamba michoro ya muda ya hina nyeusi huongeza uwezekano wa mzio. Wapo wanaoucheka mpaka huo, wakiuliza ngozi inabadilika nini usiku wa kuamkia miaka 16. Haibadiliki kitu. Lakini anayepata mzio akiwa na miaka 8 ana maisha marefu zaidi ya kuukwepa. Wengine kati yao hawapatani pia na baadhi ya dawa za ganzi, au na nguo zilizotiwa rangi nyeusi. Kumkinga miaka michache zaidi si kupoteza muda.

Husemwa pia kwamba jaribio la kupaka tone nyuma ya sikio na kungoja saa 48 linatosha. Kwa mtu mzima linasaidia. Kwa mtoto sioni faida yake, maana tone lenyewe ni PPD, nasi tunataka wasikutane nayo.

Hapo wengi husema: basi turudi kwenye hina ya majani, ya asili, isiyo na dhambi. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Hina halisi, unga wa kijani wenye harufu ya majani makavu, uliokandwa kwa ndimu, huanza na rangi ya chungwa na kukolea hadi udhurungi kwa siku mbili. Ukiona inayotoa weusi ndani ya saa moja, hiyo si majani peke yake, hata muuzaji aape vipi. Kichwani hina humpa mtoto wekundu, ingawa juu ya nywele nyeusi ni hafifu kuliko ule alioutaka binti yetu, bila amonia wala peroksaidi.

Lakini neno asili lisitulaze. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda seli nyekundu za damu. Upungufu huu umeenea mahali palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwemo, na Oman uko kwa wingi, tena wa aina iliyo kali zaidi. Familia zenye nasaba pande zote mbili zinajua ninachosema. Rangi iliyomo ndani ya jani la hina hupenya ngozi na kuzivunja seli hizo. Mwaka 2001 madaktari wa Al Ain, mji wa Falme za Kiarabu, walieleza visa vya watoto 4 wenye upungufu huo waliopakwa hina na damu yao ikavunjika kwa kiwango cha kutishia maisha. Mmoja, mtoto mchanga, alifariki. Kwa hiyo desturi ya kumpaka kichanga hina mwili mzima ili apendeze siku ya kumtoa nje, mimi nasema iachwe, hata kama bibi ndiye anayeitaka. Mkubwa kidogo ambaye ndugu zake wamewahi kupata umanjano au mkojo mweusi kama kahawa baada ya dawa fulani, apimwe kwanza.

Kuna na hatari ya kabatini, ambayo sisikii ikitajwa kabisa. PPD ikimezwa huvimbisha koo na shingo hadi pumzi ikakatika, kisha huharibu misuli na figo. Madaktari wa Khartoum waliandika mwaka 1992 juu ya watoto waliodhuriwa na mchanganyiko wa hina na PPD. Kibakuli cha piko kilichobaki kikaachwa chini ya kitanda hadi asubuhi ni cha kuogopwa kuliko saluni yoyote.

Niongeze jambo moja kwa akina mama wenzangu, bila kumnyooshea yeyote kidole. Wengi tunaokataa rangi tunawaweka binti zetu dawa ya kunyoosha nywele tangu miaka 5, nayo ni magadi makali yanayochoma ngozi ikikaa dakika chache zaidi. Kama sababu yetu ni kemikali, basi iwe sababu kwa vyote viwili.

Dada yangu alinisikiliza, akaniuliza swali la kiutendaji: sasa binti apewe nini? Tulimsuka kwa rasta nyekundu, tulizoziloweka kwanza kwenye maji ya siki ili zisimwashe, na mikono ikapakwa hina ya majani. Alilalamika kwamba wenzake wana maua meusi na yeye yake yana rangi ya chungwa. Siku ya pili yalikolea, akanyamaza.

Kwa mchoraji nilirudi peke yangu. Nilimwonyesha kiboksi chake mwenyewe na mahali palipoandikwa kisipakwe ngozini. Alikuwa anayajua maneno hayo, aliwahi kuvimba vidole yeye mwenyewe na siku hizi huchora akiwa amevaa glavu. Shirika la viwango likikagua litakuta kiboksi halali, kinauzwa dukani kihalali, kwa kazi ya nywele. Kikitoka dukani, hakuna anayekifuata hadi barazani. "Dada, nikimwambia mama wa mtoto kwamba piko sichori," aliniambia, "anavuka njia kwa yule pale. Na yule pale hana glavu wala hana habari." Nyuma yake palikuwa na wasichana wanne wamekaa mkekani wakisubiri zamu, mdogo wao hajatimiza hata miaka 6.