Kwanza Kabisa, Sikufukuzwa Samoa

Najua mmeshaipata. Shoga yangu wa Wellington, ambaye mdomo wake hauna komeo wala bawabu, ameshaimwaga kwenye magrupu yote: la watu wa Tanga, la kikoba, hadi lile la msiba wa mjomba wake lililotakiwa kufungwa tangu Februari. Kwenye habari yake mimi nimefukuzwa kisiwani na akina mama wenye mapanga, nimepakiwa mtumbwini, viatu nimeviacha. Uongo. Niliondoka kwa ndege, kiti cha dirishani, viatu mguuni. Mapanga yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kufulia madafu.

Haya, kaeni niwasimulie mwenyewe. Aibu ni yangu, siwezi kumwachia mtu mwingine aisimulie vibaya.

Wa siku zote mnaijua biashara yangu. Wageni: nauza kanga na vitenge soko la Jumamosi la Otara, kusini mwa Auckland, New Zealand, na wateja wangu wengi wala si Waafrika, ni Wasamoa na Watonga. Msamoa ukimwonyesha kanga hakuulizi hiki ni kitu gani. Kwao kuna lavalava: mke anajifunga, mume anajifunga, polisi anaivaa kazini, babu anaendea kanisani. Ni kama kumuuzia mtu wa Pemba chapati, maelezo ya nini?

Basi akatokea mama mmoja mwenye duka la vitambaa Apia, mji mkuu wa Samoa, alikuja Auckland kumwona bintiye. Tumwite Mama Duka. Akaishika kanga, akaikunjua, akaivuta pindo, akainusa. Akasema anataka doti mia mbili, rangi moja, zifike kabla ya Siku ya Akina Mama.

Doti mia mbili! Mimi mtu wa kuuza doti sita kwa Jumamosi, na hapo mvua isiponyesha.

Tamaa ikaingia hapo. Kuna muuzaji wangu Mtaa wa Uhuru, Dar, alikuwa na korija kumi zimemdodea stoo. Kitambaa kizuri, nyekundu kwa nyeupe, rangi haichuji, mji wake una mikorosho inayopendeza. Zimedoda kwa ajili ya jina tu. Jina lenyewe la kizamani, Dar siku hizi watu wanapigana vijembe kwa makali zaidi ya hapo. Akanipa kwa bei ya kutupa. Jina lilikuwa hili, kwa herufi kubwa kama mlango wa msikiti:

WENYE WIVU WAJINYONGE

Nikajiambia: Samoa? Nchi ya watu laki mbili na kitu, katikati ya Pasifiki, ukubwa wake ni kama Unguja na Pemba umezibandika pamoja ukaongeza kipande. Nani atasoma Kiswahili kule?

Hayo maneno, nikifa, myaandike kwenye kaburi langu.

(Mnaoniuliza inboksi kuhusu kusafirisha: mzigo ulitoka Auckland kwa meli, nilichangia kontena na familia zilizokuwa zinapeleka mapipa ya vyakula na nguo kwa ndugu zao, ukashukia bandari ya Matautu, Apia. Kuna ushuru, halafu juu yake kuna kodi ya mauzo asilimia 15, ambayo mimi niliisahau kwenye hesabu zangu. Msiisahau. Maswali mengine baadaye, niacheni nilie kwanza.)

Mama Duka akasisitiza niende mwenyewe Siku ya Akina Mama, niwe mgeni wa kijiji. Akanipokea uwanja wa ndege wa Faleolo Jumamosi jioni. Njia nzima ya kwenda Apia, kama kilomita arobaini hivi, bahari ubavuni, anaendesha huku ananisomesha. Kwamba hadi 2009 walikuwa wanaendesha kulia, ikafika Septemba serikali ikahamishia nchi nzima kushoto ili watu wapate magari ya bei nafuu kutoka New Zealand na Australia. Kwamba mwaka 2011 waliifuta Ijumaa. Kabisa. Tarehe 30 Desemba haikuwepo Samoa, watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Kisa biashara: wao wakiwa kazini Ijumaa, Auckland walikuwa Jumamosi wamejilalia, na wao wakiwa kanisani Jumapili, Auckland wako Jumatatu wanapiga simu hazipokelewi. Siku mbili za kazi zilikuwa zinapotea kila wiki, wakaamua bora ipotee moja, mara moja, yaishe.

Mimi naitikia "ee, ee, hebu ona." Sikujiuliza kama watu wanaoifuta Ijumaa kwa ajili ya biashara ndio watu wa kuuziwa kitu wasikichunguze.

"Kesho utaona," akasema Mama Duka. "Nimekuandalia jambo."

Jumapili. Nimekaa benchi la mbele kabisa, la wageni. Mtoto wa Ngamiani, ushungi umekaa sawasawa, ndani ya kanisa la ughaibuni, sijui lini pa kusimama wala lini pa kukaa, naibia kwa jirani. Kwa kawaida akina mama wa kule Jumapili huvaa nyeupe tupu na kofia. Siku hiyo walikuwa na sare. Mlango wa nyuma ukafunguka, kwaya ikaanza kuingia, wawili wawili, wanaimba. Wasamoa wakiimba, jamani, nywele zinasimama. Nikageuka na tabasamu langu lote.

WENYE WIVU. WENYE WIVU.

Nielezeni taratibu au niwaeleze mimi? Sare yao inaitwa puletasi: blauzi ndefu, chini yake sketi. Fundi wa Apia aliona yale maandishi ni nakshi, na fundi mzuri hatupi nakshi. Nusu ya kwanza akaipanga kifuani, katikati, sawasawa na jina la mdhamini kwenye jezi. Nusu ya pili akaipeleka kwenye sketi. Nyuma. Pale penye nafasi.

Akina mama thelathini na wanane.

WENYE WIVU, wanakuja. Wananipita, nageuza shingo: WAJINYONGE. Wanapanda mbele, wanawageukia waumini: WENYE WIVU. Wimbo una kucheza kidogo, hatua mbili kulia, mbili kushoto, halafu mzunguko mmoja wa taratibu, kwa pamoja, mikono juu: WAJINYONGE. Kiitikio kilikuwa na mizunguko mitatu. Viitikio vilikuwa vinne. Fanyeni hesabu.

Mama mmoja mwembamba kifua hakikutosha, yeye alikuwa WENYE WI. Mwingine, kiongozi wa sauti ya pili, fundi alimkatia sketi vibaya, herufi nne za mbele zikaenda na mkasi, akabaki na NYONGE. Nilimtazama huyo kwa wivu. Ile sketi ilikuwa yangu.

Kanisa zima lilikuwa linafuta machozi ya furaha, na mimi nalia, wakadhani tunalia kitu kimoja.

Ningenyamaza pale ningeokoka. Lakini mchungaji akamkaribisha mgeni kutoka Afrika asimame, awasalimie, na awaambie yale maneno mazuri yaliyoandikwa kwenye sare za mama zao yana maana gani.

Wadau, kuna ukimya wa kanisani ambao hata feni inasimama kukusikiliza. Nikasimama. Nikatafuta kichwani methali, hadithi, hata tangazo la redio. Mdomo ukajisemea wenyewe:

"Maana yake... mama ni taa ya nyumba."

Amene! Vigelegele vya kwao. Mama Duka kifua mbele, WENYE WIVU imenyooka haina mkunjo. Na mchungaji, Mungu amzidishie, akaliokota lile neno akalitia kwenye mahubiri. Mahubiri ni ya Kisamoa, lakini kila baada ya dakika chache anaunyoosha mkono kwa kwaya, halafu kwangu, na sauti yake inalainika. Mara nne. Nilizihesabu.

Baada ya ibada ni toonai, chakula cha Jumapili, kimepikwa kwenye mawe ya moto tangu alfajiri. Tukaenda kwenye fale, nyumba yao ya jadi: nguzo na paa, kuta hakuna. Hakuna! Mtu mwenye siri asiingizwe humo. Tukaketi chini kwenye mikeka, miguu imekunjwa, maana kunyoosha miguu mbele ya watu wazima ni utovu wa adabu. Nguruwe nilishawaambia mapema, wakanitengea samaki, na mbele yangu kuna majimbi, kuna mashelisheli ya kuchoma, kuna majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui zito, nikasema hapa ni Tanga kabisa, nimenusurika, Alhamdulillah.

Ndipo akaingia mpwa wa Mama Duka.

Jitu la miraba minne, kavaa shati jeupe na lavalava ya heshima, sahani mkononi. Anapita mbele ya wazee ameinama, anasema "tulou, tulou", ndiyo samahani yao. Akafika nyuma ya shangazi yake aliyekuwa amesimama anagawa chakula. Akasita. Nikaona midomo yake inatembea. Mimi nimeuza kanga miaka saba kwa watu wasiojua Kiswahili, na namjua mtu anayetazama maandishi na mtu anayeyasoma. Huyu alikuwa anasoma.

Akaniangalia. Uso ukamng'aa.

"Sasa dada! Hii ni Kiswahili, ama?"

Kumbe kijana ni Mmormoni, na alipelekwa umisionari miaka miwili. Dunia yote hii ilivyo kubwa, wakampeleka Nairobi.

Niwaambie kukimbia nilifikiria, lakini miguu ilishakufa ganzi tangu majimbi ya kwanza. Nikamjibu kwa sauti ya chini, natabasamu kwa meno yote ili watu waone ni salamu tu. "Ni Kiswahili, kaka yangu."

"Niko na swali. Wajinyonge, si ni ile ya kamba?" Akajishika shingo. Mbele za watu. Akatoa na ulimi kidogo, nisije nikakosa kumwelewa.

"Kaka, nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu, nistiri."

"Kustiri ni nini? Hiyo hatukufunzwa."

"Nifichie!"

"Aaah, kuficha." Akafikiri. Nilimwona anafikiri, nikapata tumaini. "Haiwezekani, dada. Mimi ni mtu wa kanisa."

Mchungaji, kipande cha shelisheli kiko nusu ya safari kwenda mdomoni, akauliza mnazungumza nini. Na lile jitu, kwa heshima zote, limeketi vizuri na kukunja miguu, likatafsiri. Neno kwa neno. Na mkono shingoni tena. Nilisikia nzi akitua kwenye samaki wangu.

Shelisheli likarudi sahanini. Mchungaji akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kofi: "Na taa ya nyumba?"

Nikajibu, na Mungu ananiona, nikajibu: "Taa iko kwenye kanga nyingine."

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa pembeni, ana miaka zaidi ya themanini, WENYE WIVU yake imeingia chini ya mkeka. Alicheka mpaka akalala ubavu. Wenzake wakamfuata. Mke wa mchungaji akacheka akijizuia, mchungaji hakucheka. Mama Duka hakucheka kabisa. Alikuwa anahesabu.

Yaliyobaki nayasema haraka. Jumatatu kule ni sikukuu ya taifa ya hao hao akina mama, maduka yamefungwa, utepe wa kuzibia maneno haupatikani, kwa hiyo nilikaa kwenye ile fale isiyo na kuta kutwa nzima nafumua kwa wembe, kijiji kinapita kinanipungia mkono. Puletasi ishirini na sita zimefumuliwa. Kumi na mbili zilikataa, wakiongozwa na yule bibi, ambaye nasikia ameivaa tena kwenda kuwasikiliza kwaya ya kijiji cha pili. NYONGE aliniachia kama zawadi. Fedha nimerudisha robo. Na hapo ndipo shoga yangu alipoiona video ya kwaya, maana Mama Duka alishaipandisha mtandaoni ile Jumapili asubuhi kutoka kanisani, na mimi kanitaja humo kwa fahari.

Oda ya pili ipo, kabla ya Krismasi. Sharti lake moja: kila jina lipite kwanza kwa mpwa, na mpwa anachukua asilimia kumi. Kijana kaichukua kazi kwa moyo wote. Wiki hii nilimtumia picha za majina matano, nikachagua ya upole, ya watoto, ya Mungu, ya wema hauozi. Manne kayapitisha bila neno.

Leo alfajiri kanitumia la tano, na ujumbe chini yake: "Dada, hii ya UTAMU WA MUWA KIFUNDO, hapa tunaongea kuhusu sukari tu, ama?"

Ni saa tano sasa. Sijamjibu.