Kitambaa cheupe na gorogoro ya omena

Jumamosi nilikuwa Dunga, Kisumu, kununua omena (dagaa wa ziwani), mama akanipimia gorogoro moja akasema, "Mwanangu, siku hizi ni ndogo, za zamani zilikuwa na mwili." Nikacheka lakini swali likanifuata mpaka kwa matatu: zamani ya lini hiyo, na nani aliiandika?

Manake Uingereza wanaandika hali ya planktoni, yaani vijimea na vidudu vidogo sana vinavyoelea majini ambavyo samaki wanakula, tangu 1931. Jamaa anaitwa Alister Hardy aliunda chombo kinachofungwa nyuma ya meli za mizigo, hizi za kawaida ziko kwa shughuli zao, ndani kuna utepe wa hariri unajikunja polepole ukichuja planktoni. Wakifungua hariri wanaangalia rangi kwa macho tu: haina kijani, kijani hafifu sana, hafifu, kijani kabisa. Kazi ya kuboesha kama kuchambua mchele, na imerudiwa vile vile miaka nenda rudi. Hivyo ndo walikuja kujua kadudu ka maji baridi, Calanus finmarchicus, kamepungua sana Bahari ya Kaskazini na nafasi ikachukuliwa na Calanus helgolandicus wa maji ya joto. Shida huyu wa pili anajaa sana kuelekea mwezi wa tisa, na watoto wa samaki wa kodi (si ile ya nyumba) wanatafuta chakula mapema mwaka. Sasa ungepima mwaka mmoja ungeona nini?

Huku kwetu tunajua kwa ujumla, miaka ya 60 hivi diatomu (vijimea vyenye ganda kama kioo) zilikuwa nyingi Ziwa Victoria, kufika miaka ya 80 sainobakteria (bakteria wa kijani-bluu) wametawala, rutuba ya mashambani na maji taka yanaingia tu, na omena anakula vidudu vinavyoishi humo. Lakini tukikaa kijiweni ni nyavu, ni mbuta, ni gugumaji, sijasikia mtu akitaja planktoni. Na vipimo vikija na mradi, mradi ukiisha navyo vinaenda. Mi naona feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita inapita njia ile ile kila siku, si ifungiwe kitambaa jamani, hata cha kanzu kuukuu?

Nilijaribu na leso yangu nyeupe palepale Dunga, nikaizamisha nikiwa kwa boti, ikatoka kijani kama imepakwa sukuma. Kijana wa boti akaniangalia, "Omera, unafulia hapa?" Nimeianika, nimeiandika tarehe na biro kwenye pindo.